Historia ya Mahali Petu: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Safu hii hupokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji wa kaunti za mashambani, ambako mara nyingi hakuna jumba la makumbusho wala mwanahistoria aliyeajiriwa, na kumbukumbu zilizopo zimetawanyika katika masanduku ya nyumbani, kabati za shule, nyumba za ibada na masijala za ofisi ndogo. Toleo hili tumelitenga kwa barua zinazouliza namna ya kuihifadhi historia hiyo na kuwafikishia watu wanaohusika nayo. Barua zenyewe tumezifupisha, na tumeondoa majina ya waandishi na ya mahali wanapoishi.

Tuanze na nini?

*Swali:* Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu mstaafu na nimechaguliwa kuwa katibu wa kikundi kidogo kinachotaka kuandika historia ya eneo letu. Baadhi ya wanakikundi wanataka tuanze kuchanga fedha za kujenga jumba la makumbusho. Mimi nawaona wazee wetu wanaondoka mmoja baada ya mwingine, na moyo wangu hautulii. Tuanzie wapi?

*Jibu:* Mwalimu, shikilia msimamo wako. Jengo linaweza kungoja, kwa kuwa fedha zikikosekana leo huenda zikapatikana baadaye, lakini mtu aliyeiona shule ya kwanza ikijengwa, au aliyekuwa karani wa ofisi ambayo leo imebaki msingi tu, akiondoka kabla ya kuhojiwa, hakuna mchango utakaoirudisha habari yake.

Kaeni kwanza mwandike orodha ya watu mnaotaka kuwasikiliza, na mwipange kwa mambo mawili: umri na afya ya mtu, na jinsi anavyoulizwa mara chache. Vikundi vingi huwakimbilia viongozi na watu wenye vyeo. Hata mradi unaotajwa sana kuwa mwanzo wa historia simulizi ya kisasa, ule ulioanzishwa na Allan Nevins katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1948, ulianza kwa watu mashuhuri wa siasa, sheria na biashara, na wanahistoria walichukua miaka kuzoea kuwaendea wakulima, vibarua, wakunga na akina mama waliolea familia. Kiongozi mara nyingi ameacha barua, hotuba na picha gazetini. Mkunga hakuacha kitu ila kile anachokikumbuka, na kwa sababu hiyo yeye ndiye atangulie katika orodha yenu.

Mwendee mzee mara ya kwanza bila kinasa sauti. Mweleze kikundi ni cha nani, maneno yake yatawekwa wapi na nani atayasikia, kisha mwachie siku chache za kufikiri. Siku ya mahojiano mtafute pahali palipotulia, mbali na redio, feni na barabara, na simu itakayorekodi izimwe mtandao ili isiingie wito katikati ya maneno. Kabla ya swali la kwanza, mhojaji ataje kwa sauti jina lake, jina la anayehojiwa, mahali na tarehe. Jambo hili linaonekana dogo, lakini rekodi isiyo na utangulizi huo, ikishatenganishwa na daftari lake, hubaki sauti ya mtu asiyejulikana akizungumzia mahali pasipojulikana.

Maswali yawe ya kumfungulia mtu njia. Ukimuuliza, “Je, maisha ya zamani yalikuwa magumu?” atajibu ndiyo, na mtakuwa mmemaliza. Ukimwomba akuelezee siku moja ya utoto wake tangu kuamka hadi kulala, utapata njia zilizopitwa, visima vilivyotumika, majina ya majirani, vifaa vya kazi, na nani alikuwa na sauti nyumbani. Picha ya zamani au ramani iliyochorwa kwa mkono huamsha mambo ambayo swali peke yake haliyafikii. Akinyamaza, mhojaji naye anyamaze, kwa sababu mara nyingi mzee hajamaliza, anaitafuta tu njia ya kulisema lililo zito. Saa moja au moja na nusu inatosha kwa kikao kimoja, na ni afadhali kurudi siku nyingine kuliko kumchosha.

Fikirini pia ni nani atakayeuliza. Katika miaka ya 1936 hadi 1938, serikali ya Marekani iliwatuma waandishi kuwahoji watu waliowahi kuwa watumwa, na wakakusanya simulizi zaidi ya 2,300. Bibi mmoja wa Charleston, South Carolina, aliyejulikana kama Susan Hamlin, alihojiwa mara mbili na watu tofauti. Kwa mhojaji mzungu alimsifu aliyekuwa bwana wake kuwa mtu mwema, na kwa mhojaji mweusi alieleza ukatili, vipigo na familia zilizotenganishwa kwa kuuzwa. Kwa hiyo jina la aliyeuliza, uhusiano wake na anayehojiwa, na watu wengine waliokuwamo chumbani yaandikwe kila mara. Kijana akimhoji nyanya yake atapata habari moja, na mgeni atapata nyingine, na msomaji wa miaka ijayo ana haki ya kujua ni ipi kati ya hizo aliyonayo.

Mkirudi nyumbani, fanyeni muhtasari siku ileile: dakika ya 4 anaeleza njaa, dakika ya 17 anataja ujenzi wa daraja, na kadhalika. Unukuzi kamili, neno kwa neno, ni kazi nzito, kwani saa moja ya mazungumzo yaweza kudai saa sita au zaidi za kuandika, nami nimeona vikundi vikikata tamaa kwa kudhani kwamba bila unukuzi hawajafanya kitu. Muhtasari mzuri wenye dakika unatosha kumwongoza mtafutaji. Unukuzi ufuate polepole, katika lugha aliyoizungumza mzee mwenyewe, na tafsiri iwekwe kando yake, isichukue nafasi yake.

Wazee wawili, habari mbili

*Swali:* Tumewahoji wazee wawili kuhusu soko letu kuhamishwa. Mmoja anasema lilihamishwa kwa sababu ya mafuriko, mwingine anasema ni kwa sababu ya ugomvi na ofisa wa serikali, na miaka wanayoitaja inapishana kwa karibu kumi. Tufuate kauli ya nani katika kijitabu chetu?

*Jibu:* Zihifadhini zote mbili kama zilivyosemwa, kisha mtafute ushahidi wa tatu. Kwa tarehe, nyaraka mara nyingi hushinda kumbukumbu: daftari la ushuru wa soko, kumbukumbu za vikao vya halmashauri, rejista ya shule iliyo jirani, ramani mbili za miaka tofauti, hata tarehe iliyochongwa kwenye saruji ya msingi. Tukio moja ambalo tarehe yake inajulikana laweza kuzifunga nyingine. Muulizeni mzee kama soko lilihama kabla au baada ya mtoto wake wa kwanza kuzaliwa, kabla au baada ya uchaguzi fulani, kabla au baada ya kupatwa kwa jua, na taratibu miaka itajipanga.

Hata hivyo, kosa la kumbukumbu nalo ni habari. Mwanahistoria Alessandro Portelli alipowahoji wafanyakazi wa mji wa Terni, Italia, aligundua kwamba wengi wao waliweka kifo cha Luigi Trastulli, kijana wa kiwanda cha chuma aliyeuawa katika makabiliano na polisi tarehe 17 Machi 1949, kwenye mwaka 1953, wakati maelfu walipofukuzwa kazi na ghasia zikazuka mitaani. Trastulli alikufa katika maandamano ya kuupinga mkataba wa NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, lakini kumbukumbu ya jamii ilikihamishia kifo chake kwenye pambano lililowauma zaidi, lile la kupoteza riziki. Angeyapuuza maelezo hayo kwa kuwa tarehe si sahihi, asingeona jinsi watu wale walivyoyaelewa maisha yao. Huenda hivyo ndivyo ilivyo kwa soko lenu: mafuriko yalitokea, ugomvi nao ulikuwepo, na kila mzee amelishika lile lililomgusa.

Katika kijitabu andikeni wazi kwamba kuna masimulizi mawili, mtaje aliyesimulia lipi ikiwa ameridhia jina lake litumike, kisha mweleze nyaraka zinasema nini. Ubaya wa kuchagua moja na kulitupa jingine ni kwamba, kitabu kikishachapishwa, watoto wa shule watakisoma na kukirudia, na baada ya kizazi kimoja lile lililotupwa litakuwa limekufa kabisa, hata likiwa ndilo la kweli.

Picha na karatasi zinazochakaa

*Swali:* Mama yangu ameniachia sanduku la picha, barua na vipande vya magazeti. Karatasi nyingine zinavunjika mkononi, picha nyingine zimeng’ang’ania kwenye kurasa za albamu. Sina fedha za vifaa vya kitaalamu. Nifanye nini ili zisipotee?

*Jibu:* Pole kwa kufiwa, ndugu msomaji, na ahsante kwa kulitunza sanduku. Kabla ya jambo lolote, tafuta mtu aliye hai anayewatambua watu walio katika picha hizo, mkae naye, na umrekodi akizieleza moja baada ya nyingine. Nalisema hili kwanza kwa makusudi, kwa sababu ninaamini kwamba picha nyingi za familia hupotea zikiwa bado nzima, kwa kukosa tu majina, kuliko zinazopotea kwa moto au maji. Ipe kila picha nambari, uiandike kwa penseli laini pembeni mwa upande wa nyuma, bila kukandamiza, na picha ikiwa juu ya kitu kigumu kilicho safi. Wino wa kalamu huweza kupenya au kuhamia kwenye picha nyingine. Majina na maelezo marefu yaandike katika daftari chini ya nambari ileile: waliopo kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka hata kama ni wa kukisia, aliyepiga, na aliyekupa habari.

Vipande vya magazeti huvunjika kwa sababu iliyo ndani ya karatasi yenyewe. Tangu katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zilitengenezwa kwa massa ya mti, yaani mbao iliyosagwa kuwa rojo, na kutiwa kemikali zinazozaa asidi, na asidi hiyo huzikata nyuzi mwaka hadi mwaka, upesi zaidi penye joto na mwanga. Mchakato huo hutauzima nyumbani, lakini unaweza kuupunguza kasi. Zitoe pini, vibanio vya chuma na mipira ya kufungia, kwani chuma hushika kutu na mpira huyeyuka ukanata. Usitumie selotepu kamwe kuunga palipochanika, kwa kuwa gundi yake hugeuka rangi ya kahawia na haitoki. Yatenge magazeti na barua na picha, maana asidi huhama kutoka karatasi moja hadi nyingine. Weka kila kundi katika bahasha au folda za karatasi isiyo na asidi ukizipata, na usipozipata, karatasi nyeupe safi ni bora kuliko mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali.

Sanduku lenyewe likae ndani ya chumba kinachokaliwa na watu, mbali na ukuta wa nje, juu ya rafu na si sakafuni. Dari la nyumba lina joto kali mchana na ubaridi usiku, na mabadiliko hayo ya kila siku huzichosha karatasi na picha. Unyevu wa hewa unaofaa ni kati ya asilimia 30 na 50, na ukipanda kupita 65 kwa muda mrefu kuvu huanza kuota. Pale ambapo kiwango hicho hakidhibitiki, angalau pawe na hewa inayopita, na lifungue sanduku mara kwa mara ukague mchwa, mende na kuvu. Albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu, zilizopendwa sana katika miaka ya 1970 na 1980, usizikwangue kwa kisu. Jaribu kuupitisha chini ya picha uzi laini wa kusafishia meno, na ikikataa, ipige picha palepale ilipo na uiache.

Ukizipata karatasi zimelowa, kumbuka kwamba kuvu huweza kuanza ndani ya saa 48. Zitandaze kivulini penye hewa, usizianike juani. Zikiwa nyingi kupita uwezo wako, ziweke kwenye jokofu la kugandisha, kwani barafu husimamisha uharibifu hadi upate nafasi ya kuzikausha kidogo kidogo. Picha za kioo na za zamani sana zisigandishwe.

Nakala ya dijitali ni hatua ya mwisho, na haifuti haja ya kuutunza mwili wa asili. Picha ndogo iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, barua kwa 300 au 400, na faili kuu liwe la TIFF ambalo halipunguzwi ubora. Ukiwa na simu tu, ilaze picha mahali palipo na mwanga wa dirisha usio wa jua kali, simu iwe sambamba nayo, na uzime mwako wa kamera. Jina la faili libebe nambari ileile uliyoiandika nyuma ya picha. Kisha weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba yako.

Kanda za kaseti

*Swali:* Nyumba yetu ya ibada ina kanda za kaseti za miaka ya 1980 zenye nyimbo na hotuba. Je, zinaweza kungoja mpaka tupate mfadhili?

*Jibu:* Haziwezi. Kanda za sumaku huzeeka, lakini hatari iliyo karibu zaidi ni mashine za kuzichezea, ambazo hazitengenezwi tena kwa ubora wa zamani na vipuri vyake vinakwisha. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, na wataalamu walikuwa wakikadiria kwamba kufikia takriban mwaka 2025 kuzinakili kwa ubora kungekuwa kugumu mno kwa wengi. Mwaka huo umefika. Tafuteni mashine nzuri iliyofanyiwa usafi, vunjeni kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kaseti ili isifutwe kwa bahati mbaya, na mrekodi kwa faili la WAV, ambalo ni faili la sauti lisilopunguzwa ubora, kwa kiwango cha kilohezi 48 na biti 24. Anzeni na kanda ambazo sauti zake hazipo pengine popote, mziache mwisho zile zilizowahi kuuzwa madukani. Maandishi yaliyo kwenye jalada nayo yapigwe picha, maana mara nyingi hayo ndiyo maelezo pekee yaliyosalia.

Vijana wanataka kuweka kila kitu kwenye intaneti

*Swali:* Tuna rekodi za wazee na mamia ya picha. Vijana wanasema historia isiyoonekana kwenye simu haipo. Wazee wengine wamekasirika na wanasema hawakutupa maneno yao yasambae duniani. Tumegawanyika. Nani yuko sahihi?

*Jibu:* Vijana wana hoja, na wazee wana haki, na panapopishana haki itangulie. Mtu aliyezungumza sebuleni mwake aliridhia jambo fulani, na ridhaa hiyo haigeuki kuwa ridhaa ya kila matumizi kwa sababu tu teknolojia imewezesha. Rudini kwa kila aliyehojiwa, au kwa familia yake ikiwa amefariki, na karatasi fupi yenye maswali ya wazi: rekodi isikilizwe na wanakikundi tu, na shule za hapa, na mtu yeyote anayefika maktabani, au iwekwe hadharani? Jina litajwe au lifichwe? Kuna sehemu anayotaka ifungwe mpaka mwaka fulani? Kwa asiyesoma, asomewe na ridhaa yake irekodiwe kwa sauti. Mkifanya hivyo mtashangaa ni wangapi wanaokubali, kwani wengi hukasirishwa na kutoulizwa kuliko na kusikika.

Yapo mambo ambayo jamii yenyewe inayagawa: mengine ya kila mtu, mengine ya ukoo mmoja, mengine ya waliofikia umri fulani. Mgawanyo huo unaweza kuheshimiwa hata kwa vifaa vya kisasa. Jamii ya Warumungu, wenyeji wa eneo la Tennant Creek nchini Australia, walishirikiana na watafiti kuanzia mwaka 2007 kutengeneza programu iitwayo Mukurtu, ambayo humwezesha kila mtu kuona yale tu ambayo taratibu za jamii yake zinamruhusu kuyaona. Leo hutumiwa bure na jamii nyingine nyingi. Sidai kwamba kikundi chenu kinaihitaji, kwa sababu pengine kabati mbili, moja yenye kufuli, zinatosha, lakini ni vyema kujua kwamba hamlazimiki kuchagua kati ya kuficha vyote na kumwaga vyote.

Kwa upande wa sheria, kumbukeni kwamba kuimiliki karatasi ya picha si kuimiliki hakimiliki yake, ambayo kwa kawaida huwa ya mpiga picha au warithi wake. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unazitaka nchi wanachama zilinde kazi za maandishi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na picha kwa angalau miaka 25 tangu zilipopigwa, na nchi nyingi zimeongeza muda huo katika sheria zao. Ulizeni sheria ya nchi yenu kabla ya kuchapisha picha za studio.

Nalo neno kwa vijana: intaneti si hifadhi. Kurasa hufungwa, nywila husahaulika, kampuni hubadili masharti, na picha zinazopakiwa katika mitandao ya kijamii hupunguzwa ubora na kunyang’anywa maelezo yake. Itumieni kueneza, lakini faili kuu zikae kwenu. Na msisahau njia zinazowafikia wasio na simu nzuri: maonyesho ya siku moja shuleni, kipindi cha redio ya jamii, au kijitabu cha kurasa 30 kinachosomwa kwa sauti. Kila mnapoonyesha picha hadharani, wekeni daftari kando yake. Watu watasahihisha majina na kuongeza habari, na kwa njia hiyo kueneza hugeuka kuwa kukusanya.

Jambo ambalo familia hazitaki litajwe

*Swali:* Katika eneo letu kulitokea mauaji kuhusu ardhi, miaka mingi iliyopita. Wazee wanayajua. Familia za pande zote mbili bado zinaishi hapa, na baadhi yao wametuomba tusiyaandike. Tukinyamaza, je, tutakuwa tumeidanganya historia?

*Jibu:* Hili ndilo swali gumu kuliko yote yaliyotufikia, na sitakupa jibu jepesi. Tofautisha kuhifadhi na kuchapisha. Kuhifadhi ni wajibu wa sasa, kwa kuwa mashahidi wanakufa, na kuchapisha kunaweza kungoja. Warekodini wanaokubali kusema, wa pande zote mbili, kila mmoja peke yake, na mzifunge rekodi hizo kwa maandishi yanayosema zitafunguliwa lini na kwa idhini ya nani. Kama kuna hatari ya mashtaka au kisasi, pateni ushauri wa mwanasheria kabla ya kurekodi, maana ahadi ya kikundi ya kutunza siri huenda isisimame mbele ya amri ya mahakama, na ni lazima anayehojiwa aambiwe hivyo.

Kunyamaza kabisa kuna gharama inayojulikana. Tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921, umati wa wazungu uliushambulia na kuuteketeza mtaa wa watu weusi wa Greenwood huko Tulsa, Oklahoma. Takwimu rasmi zilitaja vifo 36, na makadirio ya baadaye yalifikia 300. Kwa miongo mingi tukio hilo halikufundishwa shuleni, na nakala ya gazeti la mji ya siku ile, iliyohifadhiwa kwenye mikrofilamu (filamu yenye picha ndogo za kurasa), ina habari iliyokatwa kwenye ukurasa wa kwanza. Tume rasmi iliundwa mwaka 1997 na kutoa ripoti mwaka 2001, miaka 80 baadaye, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitokana na manusura wazee ambao watu wachache walikuwa wamewahoji na kuyatunza maneno yao wakati wengi walipotaka yasahauliwe. Wasingehojiwa, tume ingekuwa na gazeti lililokatwa na idadi ya 36.

Katika kijitabu chenu cha sasa, mnaweza kuandika kwamba mwaka fulani kulitokea ugomvi wa ardhi uliosababisha vifo, bila majina, na kwamba ushahidi umehifadhiwa. Wapelekeeni wakuu wa familia zote mbili aya hiyo waisome kabla haijachapwa. Wasikilizeni wakitaka lugha ibadilishwe, lakini msikubali iandikwe kwamba haikutokea.

Tukiondoka sisi, nani atatunza?

*Swali:* Kikundi chetu kina watu wanane, wengi wetu tumepita miaka 60. Kila kitu kiko nyumbani kwa mwenyekiti. Tufanyeje?

*Jibu:* Msilale mwaka huu kabla ya kutawanya nakala. Bunge la Marekani, katika azimio la tarehe 13 Machi 1876 la kuadhimisha miaka 100 ya uhuru, liliwahimiza wananchi wa kaunti na miji waandike historia fupi ya mahali pao, nakala moja iwekwe katika ofisi ya karani wa kaunti na nyingine katika maktaba ya Bunge. Agizo hilo la nakala mbili mahali pawili lilikuwa la busara kubwa. Tarehe 30 Juni 1922, jengo la nyaraka za taifa mjini Dublin liliteketea vitani, na kumbukumbu za Ireland za karne saba zikaungua. Sehemu ya hazina hiyo imeweza kuunganishwa upya kwa njia ya dijitali, na kufunguliwa kwa umma mwaka 2022, kwa sababu tu watu na taasisi nyingine walikuwa na nakala zao.

Zungumzeni na hifadhi ya nyaraka ya mkoa au ya taifa, maktaba ya chuo kilicho karibu, au shule yenye uongozi imara, na mwandikiane mkataba mfupi. Useme kama vitu vinatolewa moja kwa moja au vinaazimwa, nani ana hakimiliki, masharti ya rekodi zilizofungwa, kwamba wenyeji watapewa nakala bila malipo, na vitu vitarudishwa kwa nani endapo taasisi itafungwa au itashindwa kuvitunza. Mkabidhi na orodha kamili: nambari ya kila kitu, ni nini, kilitoka kwa nani na kwa ridhaa gani. Orodha hiyo ichapwe kwenye karatasi, kila mwanakikundi awe na nakala nyumbani, na kwa vile ninyi ni wanane, waalikeni vijana wawili katika kikao cha kuiandika, ili wajue kilichomo na waliokitoa kabla hawajaachiwa funguo.